Issigonis: Aliyegeuza injini, Mini ikabeba Monte Carlo

Na Mwandishi Wetu, Songea

UKITOKA Uwanja wa Majimaji baada ya mechi, simama kidogo nje usikilize gari ndogo zikikata kona kurudi mjini. Haikosi moja inayolia ka-ka-ka-ka gurudumu la mbele. Fundi atakwambia hapo hapo: sivii jointi imekwisha. Kidude hicho hicho ndicho kilichombeba mwamba wetu wa leo, Alec Issigonis, mchoraji wa gari la Mini.

Jamaa alizaliwa mwaka 1906 Smyrna, mji ambao leo ni Izmir, Uturuki. Baba yake alikuwa na karakana na uraia wa Uingereza. Mwaka 1922 vita ilipoufikia mji, familia ikaokolewa kwa meli hadi Malta. Mali ikabaki nyuma, na muda si mrefu baba akafariki. Kijana akaingia Uingereza na mama yake, akasomea uhandisi Battersea. Hesabu zilimtandika mara tatu kwenye mtihani, lakini ukimpa penseli na karatasi alikuwa hakabiki.

Mashindano alikuwa nayo damuni. Miaka ya 1930, yeye na rafiki yake George Dowson walijitengenezea gari la mbio kwa mikono yao. Mwaka 1948 likatoka Morris Minor, gari lililompa jina.

Mwaka 1956 ukaja mgogoro wa Mfereji wa Suez, petroli ikawa ya mgawo Uingereza. Bosi wa kampuni ya BMC, Leonard Lord, akamtaka Issigonis atengeneze gari dogo haraka, kwa sharti moja: atumie injini ambayo kiwanda tayari kinayo.

Gari lenyewe lilitakiwa liwe na urefu wa mita tatu hivi. Injini ikikaa kwa urefu kama ilivyozoeleka, abiria wakae wapi? Issigonis akaigeuza ikae kwa upana, giaboksi akaiweka chini yake, nguvu akaipeleka magurudumu ya mbele.

Hapo ndipo mechi ilipokuwa ngumu. Gurudumu la mbele linavuta gari na papo hapo linakata kona. Krosi ya kawaida ikikunjwa sana, mwendo wa ekseli unakimbia na kusita mara mbili kila mzunguko, na usukani unatetemeka. Dawa ilikuwa jointi iliyobuniwa na Alfred Rzeppa miaka ya 1920. Ndani ya kikombe chake kuna gololi sita zinazojipanga katikati ya mkunjo, hivyo mwendo unaoingia ndio unaotoka. Citroën walikuwa wanauza gari la kuvutwa mbele tangu 1934, lakini Mini ndiyo iliyoonyesha kwamba gari dogo la bei ya chini linaweza kupangwa namna hiyo na likafanya kazi.

Mini ilizinduliwa Agosti 1959 na injini ya sisi 848. John Cooper, bosi wa timu iliyompa Jack Brabham ubingwa wa Formula 1 mwaka 1959 na 1960, akaona humo kuna gari la mbio. Issigonis alisita, maana yeye alilichora kwa ajili ya mtu wa kawaida. Hata hivyo Mini Cooper ikatoka mwaka 1961, na Monte Carlo ikapigwa mara tatu: Paddy Hopkirk mwaka 1964, Timo Mäkinen 1965, Rauno Aaltonen 1967. Mwaka 1966 Mini zilimaliza za kwanza, ya pili na ya tatu, zikafutwa kwa sababu ya taa. Ungedhani VAR ilikuwepo!

Sasa turudi gereji za hapa kwetu. Mtu anaweka injini kubwa kwenye gari dogo, anasifia nguvu tu, kama shabiki anayetaka straika mpya wakati kiungo wa kumlisha hana. Ekseli ndiyo kiungo. Upande wa giaboksi meno yafuate injini mpya, upande wa gurudumu yafuate gari la zamani, na urefu upimwe. Ikiwa ndefu itagonga ndani, ikiwa fupi itachomoka gurudumu likidondoka kwenye shimo. Injini ikikaa juu mno, mkunjo unazidi, mpira unachanika, grisi inamwagika, mchanga unaingia. Kuunga kwa kuchomelea ni kucheza na roho za abiria. Hebu fikiria ikatike kwenye kona za kwenda Mbinga.

Issigonis alipewa heshima ya Sir mwaka 1969, akafariki Oktoba 2, 1988. Mini yake iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2000, zaidi ya milioni tano. Toyota Vitz na IST zinazotupeleka uwanjani leo nazo zimelaza injini kwa upana na zinavutwa mbele. Kwa hiyo fundi akikwambia injini mpya imekaa vizuri, usishangilie bado. Muulize kwanza ekseli ameipima vipi.