Augusta Savage: Sanamu zake zilivunjwa, wanafunzi wake wakadumu

MCHONGAJI wa sanamu hukumbukwa kwa kazi za mikono yake. Kwa Augusta Savage, Mmarekani mweusi aliyefariki dunia mwaka 1962, mambo yalikuwa kinyume. Sehemu kubwa ya kazi zake imepotea au ilivunjwa, lakini jina lake limehifadhiwa na wale aliowafundisha.

Alizaliwa Februari 29, mwaka 1892, katika mji mdogo wa Green Cove Springs, jimbo la Florida, akiwa mtoto wa saba kati ya watoto 14 wa mzee Edward Fells. Mji huo ulikuwa na udongo mwekundu wa kutengenezea matofali, na ni kwa udongo huo binti huyo alianza kufinyanga bata na wanyama wengine wa nyumbani.

Baba yake, aliyekuwa mchungaji wa Kimethodisti, aliziona sanamu hizo kuwa ni dhambi na kumchapa mara kwa mara. Hata hivyo, binti hakuacha. Mwaka 1915 familia ilihamia West Palm Beach, mahali ambapo udongo wa aina ile haukupatikana, mpaka alipoomba kidogo kwa mfinyanzi mmoja.

Mkuu wa shule alipoona kipaji chake, alimpa kazi ya kuwafundisha wenzake ufinyanzi kwa ujira wa dola moja kwa siku. Hivyo, Savage alikuwa mwalimu kabla hajasomea sanaa popote.

Wakati huo alikwishayaonja machungu ya maisha. Aliolewa akiwa na umri wa miaka 15, akapata mtoto wake wa pekee, Irene, na mumewe akafariki dunia baada ya muda mfupi. Jina la Savage alilipata katika ndoa ya pili, ambayo nayo ilivunjika.

Mwaka 1919 kazi zake zilipata tuzo ya dola 25 katika maonyesho ya wilaya. Miaka miwili baadaye aliwasili New York akiwa na dola 4.60 tu mfukoni. Alipokewa katika chuo cha Cooper Union, ambacho hakikutoza ada, akamaliza kwa miaka mitatu masomo ya miaka minne.

Mwaka 1923 yalimfika yaliyobadili maisha yake. Aliomba nafasi katika shule ya sanaa ya majira ya joto huko Fontainebleau, nchini Ufaransa, iliyotengwa kwa wanawake 100 wa Marekani. Kamati ya Marekani iliyochagua wanafunzi ilipotambua kwamba yeye ni mweusi, ilimkatalia kwa hoja kwamba wasichana weupe kutoka majimbo ya kusini wasingekubali kusafiri na kuishi naye.

Savage hakunyamaza. Alilipeleka suala hilo katika magazeti, na mwanazuoni W.E.B. Du Bois, ambaye wasomaji wa Afrika wanamfahamu kama mmoja wa waasisi wa harakati za umoja wa Waafrika, alisimama upande wake. Kamati haikubadili uamuzi, ingawa mjumbe wake mmoja, mchongaji Hermon MacNeil, alimkaribisha ajifunze kwake.

Kelele hizo zilimpa umaarufu, lakini zilimfungia pia baadhi ya milango. Katika miaka hiyo alifanya kazi katika viwanda vya kufulia nguo ili kuitunza familia yake, huku usiku akifinyanga. Alifinyanga sura za Du Bois na Marcus Garvey. Mwaka huohuo wa 1923 aliolewa na Robert Lincoln Poston, mmoja wa wasaidizi wa Garvey, ambaye alifariki dunia melini mwaka 1924 akirejea kutoka Liberia.

Sanamu iliyomfungulia njia ni "Gamin", ya kichwa cha mvulana wa mitaani aliyevaa kofia iliyokaa upande. Kwa kazi hiyo ya mwaka 1929 alipata ufadhili wa mfuko wa Julius Rosenwald, akaenda Paris na kusoma katika chuo cha Grande Chaumière. Ufaransa aliyonyimwa mwaka 1923 aliifikia miaka sita baadaye.

Aliporejea New York miaka ya mwanzo ya 1930, Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi na hakukuwa na wanunuzi wa sanamu. Mwaka 1932 alifungua karakana yake mtaani Harlem na kuwafundisha watoto na watu wazima wa mtaa huo. Mwaka 1934 akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika chama cha kitaifa cha wanawake wachoraji na wachongaji.

Mwaka 1937 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha sanaa cha jamii cha Harlem, kilichogharimiwa na mpango wa Serikali wa kuwapa wasanii ajira. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni wachoraji Jacob Lawrence, Norman Lewis na Gwendolyn Knight. Mwingine ni Kenneth Clark, ambaye baadaye alikuwa mwanasaikolojia. Utafiti wake kuhusu watoto na wanasesere ulitumika katika kesi ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku ubaguzi katika shule za umma.

Kisa cha Lawrence kinaonyesha alikuwa mwalimu wa namna gani. Alimpeleka kijana huyo kuomba ajira katika mpango wa Serikali, akakataliwa kwa kuwa umri wake haujafikia miaka 21. Mwaka uliofuata, wakati Lawrence mwenyewe amekwishasahau, Savage alimchukua tena na kumrudisha ofisini, na safari hii akaajiriwa.

Gharama ya kuwatumikia wengine ilijitokeza mwaka 1939. Savage aliombwa kutengeneza sanamu kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya New York. Alitengeneza "The Harp", yaani kinubi, yenye urefu wa karibu mita tano. Nyuzi za kinubi hicho zilikuwa ni waimbaji weusi 12 waliosimama kwa mpangilio wa kimo, wakiwa wamebebwa na mkono wa Mungu.

Maelfu kwa maelfu ya watu waliitazama. Lakini ilikuwa ya plasta, na kusubu sanamu kubwa kwa shaba, yaani kuyeyusha shaba na kuimimina katika kalibu, kulihitaji fedha ambazo hakuwa nazo. Maonyesho yalipofungwa mwaka 1940, hakukuwa hata na fedha za kuihifadhi ghalani. Tingatinga zikaivunja.

Aidha, alipomaliza kazi hiyo alikuta nafasi yake katika kituo cha Harlem imechukuliwa na mtu mwingine. Jumba la sanaa alilofungua mwaka huohuo wa 1939 kwa ajili ya wasanii weusi nalo lilifungwa baada ya muda mfupi kwa kukosa fedha.

Mwaka 1945 alihamia Saugerties, kijiji kilichoko kaskazini ya jiji la New York, akaishi kwa utulivu akifundisha watoto. Alifariki dunia Machi 1962 kwa ugonjwa wa saratani, wakati wengi wamekwishamsahau.

Waliomrejesha ni kazi za wanafunzi wake. Mwaka 1988 maonyesho yaliyofanyika Harlem yaliweka kazi zake pamoja na za shule alizoziongoza, na mwaka 2001 nyumba yake ya Saugerties iliingizwa katika orodha ya kitaifa ya maeneo ya kihistoria. Kinubi cha plasta hakipo tena. Michoro ya Lawrence, kijana aliyerudishwa ofisini mara ya pili, imo katika makumbusho makubwa ya Marekani.