Beethoven na Mvumo wa Masikio

Ludwig van Beethoven alizaliwa mwaka 1770 katika mji wa Bonn, Ujerumani. Baba yake, aliyekuwa mwimbaji, alimfundisha muziki kwa ukali mno. Mwaka 1792 alihamia Vienna, akapata sifa kubwa kwa kupiga piano na kutunga muziki.

Alipokuwa hajatimiza miaka thelathini, masikio yake yalianza kuvuma. Nje hapakuwa na ngoma wala upepo. Mvumo ulikuwa ndani, usiku na mchana. Aliificha habari hiyo, maana nani angemwajiri mpiga muziki asiyesikia? Akawa akiwakwepa watu. Hata mwaka 1801 akamwandikia rafiki yake Franz Wegeler, aliyekuwa daktari, akamfunulia siri. Kwa mbali hakuzisikia sauti nyembamba za vyombo wala za waimbaji. Mtu akisema kwa sauti ya chini, aliisikia sauti lakini maneno hakuyatambua. Na mtu akipiga kelele, hakuweza kustahimili.

Msomaji asione ajabu. Ndani ya sikio mna mrija uliojikunja kama gamba la konokono, na humo mna chembe zenye vinyweleo. Zilizo mlangoni hupokea sauti nyembamba, za ndani hupokea sauti nene. Mara nyingi zile za mlangoni ndizo hufa kwanza, wala hazioti tena. Sasa, herufi kama s na f zina sauti nyembamba. Zikipotea, maneno huchanganyika. Nao ubongo, ukikosa habari kutoka huko, hudhaniwa kuwa ndio unaojitungia mvumo.

Madaktari wa siku zile walimtilia mafuta ya lozi masikioni. Mvumo ulibaki. Mwaka 1802, kijijini Heiligenstadt, alikata tamaa hata akawaza kujiua, lakini akaona hawezi kuondoka duniani kabla hajautoa muziki uliokuwa ndani yake. Tangu mwaka 1818 wageni wake walimwandikia maneno katika daftari. (Wataalamu waliochunguza nywele zake mwaka 2023 hawakuona chanzo cha uziwi huo.)

Tarehe 7 Mei 1824 watu wa Vienna waliisikia simfoni yake ya tisa. Yeye mwenyewe alikuwapo jukwaani, amewapa mgongo. Makofi yakalia, naye hana habari. Ndipo mwimbaji mmoja, Caroline Unger, akamgeuza, akayaona.