Harry Thuku: Opereta wa simu aliyepinga kipande

Kwa wakazi wengi wa Nairobi, Harry Thuku ni jina la barabara. Barabara hiyo inapita kati ya Chuo Kikuu cha Nairobi na hoteli ya Norfolk, na maelfu ya watu huitumia kila siku bila kukumbuka kwamba ni hapo karibu ambapo wafanyakazi walimiminiwa risasi mnamo Machi 16, 1922, kwa kudai mtu huyo aachiliwe huru.

Katika miteremko ya Mlima Kenya, huko Meru na Embu, jina lake husikika kwa nadra. Hata hivyo, mambo mawili yaliyotawala maisha yake, yaani kipande na kahawa, ndiyo yaliyoamua hatima ya mfanyakazi wa wilaya hizo katika miaka iliyotenganisha Vita vya Kwanza na vya Pili vya Dunia.

Thuku alizaliwa mwaka wa 1895 huko Kambui, Kiambu. Alisoma kwa miaka minne katika shule ya wamishonari wa Gospel Missionary Society, kisha mwaka wa 1911 akaelekea Nairobi kutafuta riziki. Mji huo ulikuwa bado mchanga, wa mabati na vumbi, na kijana aliyejua kusoma na kuandika hakukosa kazi. Aliajiriwa kuwa tarishi wa benki.

Mwanzo huo haukuwa mwema. Alipatikana na hatia katika kesi ya hundi ya kughushi, akafungwa jela miaka miwili.

Alipotoka gerezani alipata kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti la walowezi, Leader. Kazi hiyo ilikuwa shule ya pili kwake. Kila siku alipanga kwa vidole vyake maneno ya Wazungu waliojadiliana wazi jinsi ya kupata vibarua wa bei rahisi, wala hawakudhani kwamba Mwafrika aliyekuwa akiyapanga alikuwa pia akiyasoma. Mnamo 1918 alihamia ofisi ya Hazina ya serikali, akawa opereta wa simu.

Wakati huo vita vilikuwa vinamalizika. Makumi ya maelfu ya Waafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Uingereza dhidi ya Wajerumani walikuwa wamekufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Walitoka kila pembe ya nchi, Meru na Embu zikiwemo. Kumbukumbu yao imebaki katika jina la mtaa wa Kariokor jijini Nairobi.

Walionusurika walirudi nyumbani wakitarajia shukrani, nao wakapokewa kwa mzigo mwingine. Sheria ya usajili iliyopitishwa mwaka wa 1915 ilianza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kubeba kipande, hati yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara wake. Hati hiyo ilitiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni.

Aliyeacha kazi bila mwajiri kutia sahihi katika kipande alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Hivyo basi, kibarua aliyepigwa au kunyimwa ujira hakuweza kwenda kutafuta bwana mwingine. Mlowezi alihitaji tu kuizuia sahihi yake.

Utawala wa kikoloni ulikuwa umeingia Embu mwaka wa 1906 na Meru mwaka wa 1908, kwa hiyo katika miaka hiyo ya kipande wazee wengi walikumbuka vyema maisha ya kabla ya kodi. Sasa vijana wao walilazimika kuteremka mlima kwa miguu kutafuta fedha za kodi katika mashamba ya walowezi. Reli ilifika Thika mwaka wa 1913, na haikufika Nanyuki hadi 1930. Aliyetoka Chuka, Igembe au Runyenjes alitembea siku kadhaa kabla ya kupata kazi, na akiwa njiani kipande kilikuwa shingoni.

Mwaka wa 1920 kodi ya nyumba iliongezwa kutoka rupia tano hadi nane, sawa na shilingi 16 baada ya fedha kubadilishwa. Kwa vibarua wengi kiasi hicho kilizidi mshahara wa mwezi mzima. Kisha mwaka wa 1921, bei za mazao zilipoanguka katika masoko ya dunia, walowezi waliafikiana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja.

Hapo ndipo opereta wa simu alipojitokeza. Mnamo Juni 1921, Thuku na wenzake walianzisha chama cha vijana wa Kikuyu. Wiki chache baadaye walibadilisha jina, kikawa East African Association, kwa kuwa waliona kwamba kipande hakikubagua kabila. Wanachama walikuwa makarani, madereva, wapishi na watumishi wa nyumbani wa Nairobi, kutoka jamii mbalimbali. Mhariri Mhindi, Manilal Ambalal Desai, aliwapa msaada katika ofisi za gazeti lake, East African Chronicle.

Thuku alifanya jambo lililowaudhi machifu na serikali kwa pamoja. Alipeleka malalamiko ya wafanyakazi moja kwa moja London kwa simu ya maandishi, akiwapita wakubwa wote waliokuwa kati. Katika mikutano yake alipinga kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara, na desturi ya kuwalazimisha wanawake na wasichana kufanya kazi barabarani na katika mashamba ya walowezi. Ni kwa sababu hiyo ya mwisho wanawake walimpenda na kumwombea.

Serikali ilimkamata mnamo Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye, umati mkubwa ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa. Viongozi wa wanaume waliporudi kutoka mazungumzo na maafisa wakiwasihi watu watawanyike, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alisimama akainua nguo yake na kuwatolea wanaume changamoto wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele. Askari wakafyatua risasi, na imesimuliwa mara nyingi kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao walishiriki. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa walioanguka. Serikali ilitaja idadi ya waliokufa kuwa 21, huku Waafrika wakishikilia kwamba walikuwa wengi zaidi.

Damu hiyo haikukosa matunda kabisa. Mwaka huohuo kodi ilipunguzwa hadi shilingi 12. Kipande, hata hivyo, kiliendelea kuning'inia kwa miaka mingine 20 na zaidi, hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Thuku mwenyewe alihamishiwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani. Eneo hilo lilipokabidhiwa Italia mwaka wa 1925 alihamishwa tena, akapitia Lamu na Witu, na hatimaye akawekwa Marsabit, mbali kaskazini mwa Meru. Aliachiliwa mwishoni mwa 1930, baada ya karibu miaka tisa.

Aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Mwaka wa 1932 alichaguliwa kuwa rais wa Kikuyu Central Association, lakini upesi alitofautiana na wenzake waliotaka mapambano makali zaidi. Mwaka wa 1935 aliunda chama chake, Kikuyu Provincial Association, kilichoahidi kufuata sheria na kuitii serikali. Macho yake yakageukia shamba.

Wakati huohuo jambo geni lilikuwa likitendeka Meru na Embu. Kwa miaka mingi masharti ya leseni na msimamo wa serikali yalikuwa yamewazuia Waafrika wa nyanda za juu kukuza kahawa. Walowezi walitoa hoja za magonjwa ya mimea, wizi na ubora hafifu. Hofu yao kubwa ilikuwa nyingine: Mwafrika mwenye mibuni yake hangekuwa na haja ya kuchuma ya mwenzake.

Katikati ya miaka ya 1930 serikali iliruhusu jaribio katika Kisii, Embu na Meru, maeneo yaliyokuwa mbali na mashamba makubwa ya Wazungu. Kila mkulima alipewa idadi ndogo ya miche na usimamizi mkali. Kiambu, nyumbani kwa Thuku, ilinyimwa ruhusa kwa kuwa ilipakana na walowezi.

Kwa familia ya Meru au Embu, mibuni hiyo michache ilikuwa na maana isiyoandikwa katika kanuni yoyote. Kodi na karo zingeweza kulipwa kutokana na mlima wenyewe, bila kijana kuteremka akiwa na kikasha cha chuma shingoni. Lile ambalo Thuku alilidai mbele ya umati mwaka wa 1921, hapa lilianza kupatikana kwa jembe, polepole na kwa wachache.

Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, Thuku aliwashutumu Mau Mau hadharani. Wengi hawajamsamehe hadi leo. Meru na Embu nazo zilitoa wapiganaji wa msituni, miongoni mwao Musa Mwariama, aliyebaki msituni hadi uhuru ulipopatikana. Kwa jamaa za waliokufa kule, Thuku wa 1952 alikuwa upande wa mwenye bunduki.

Baadaye Thuku naye alikuwa mkulima wa kahawa, na mwaka wa 1959 akawa Mwafrika wa kwanza kuingia katika bodi ya KPCU, chama kilichokuwa kimeshikwa na walowezi. Alifariki mnamo Juni 1970, mwaka ambao tawasifu yake, iliyotayarishwa kwa msaada wa mwanahistoria Kenneth King, ilichapishwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Maisha ya Thuku hayawezi kupimwa kwa miaka yake ya utiifu pekee, wala miaka hiyo haiwezi kufichwa kwa sababu ya ushujaa wa ujana. Akiwa na umri wa miaka 26, mfanyakazi mwenye elimu ya miaka minne alihatarisha kazi nzuri ya serikali kwa ajili ya watu ambao wengi wao hakuwajua, wakiwemo wale waliokuwa wakiteremka kutoka Meru na Embu. Kwa hilo alilipa karibu miaka tisa ya uhamisho, na wengine walilipa kwa uhai wao kando ya barabara inayoitwa kwa jina lake.