Karel Styblo, Mganga wa Kifua Kikuu

Wako wenzetu hapa Chitete waonao haya, hata hukasirika, wanapotakiwa kumeza vidonge vya kifua kikuu mbele ya mtu mwingine kana kwamba ni watoto. Tumeona vema tueleze habari za mganga aliyeujenga utaratibu huo katika nchi yetu.

Karel Styblo alizaliwa mwaka 1921 katika nchi ya Wacheki. Wakati wa vita kuu ya pili, akiwa bado kijana, Wajerumani wa Hitler walimtia katika kambi ya mateso ya Mauthausen, huko Austria, na humo akapatwa na kifua kikuu. Alipona, akasomea uganga, na ugonjwa uliotaka kumwua ukawa kazi yake ya maisha. Baadaye alihamia Uholanzi.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupiga vita kifua kikuu na ukoma, naye akaja kushirikiana na waganga wetu. Dawa zilikuwapo. Lakini mgonjwa akipata nafuu baada ya majuma machache huacha vidonge. Vidudu vinavyoshindwa upesi vimekwisha kufa. Vilivyo vigumu vimesalia na kuzaana, na dawa ile ile haividhuru tena. Vibaya zaidi, watu wa nyumbani mwake huambukizwa vidudu ambavyo tayari ni sugu.

Styblo hakungoja dawa mpya. Alitaka makohozi yapimwe kwa darubini hata wilaya za mbali, bohari isiishiwe dawa, na kila mgonjwa aandikwe daftarini mpaka ijulikane amepona au la. (Sisi tuliofundisha twajua kazi ya daftari la mahudhurio!) Rifampisini, dawa kali na ya ghali siku zile, mgonjwa hakupewa aende nayo nyumbani. Miezi miwili ya kwanza aliimeza mbele ya mwuguzi, na wengi walilazwa. Matibabu yote yalikuwa miezi minane. Wapo waliodhani nchi maskini haitaweza. Iliweza: katika kila wagonjwa kumi, wanane hivi walipona.

Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliueneza utaratibu huo ulimwenguni. Styblo alifariki mwaka 1998. Usugu haukwisha. Mwaka 2009 hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, ilianza kuwatibu wenye kifua kikuu sugu. Tiba ya wakati ule ilikaribia miaka miwili, na sindano zake za miezi mingi ziliwaacha baadhi ya wagonjwa viziwi.