Shaaban Robert: Karani Aliyeandika Baada ya Kazi

Jina la Shaaban Robert si geni kwa mwanafunzi yeyote wa Kiswahili. Aghalabu tunalitaja tunapochambua Kusadikika au tunapofuatilia maendeleo ya ushairi katika karne ya 20. Ni nadra, hata hivyo, kusikia katika mihadhara yetu kwamba mtu huyu alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na kwamba alitunga katika saa alizobakiziwa na ofisi.

Alizaliwa mwaka wa 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga. Baada ya masomo yake Dar es Salaam, aliajiriwa katika idara ya forodha mwaka wa 1926 akadumu humo hadi 1944. Pangani ni miongoni mwa vituo alivyotumikia. Alihamia idara ya wanyama kwa muda mfupi, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga mwaka wa 1946, na hatimaye ofisi ya upimaji ardhi kuanzia 1952 hadi 1960. Hiyo ni miaka 34 ya kazi chini ya serikali ya kikoloni, na mshahara wake haukuwa wa kutunga mashairi.

Nyumbani nako hakukuwa na faragha ya kutosha. Mkewe Amina alifariki akamwachia watoto wa kulea. Si ajabu mtu katika hali hiyo kuweka kalamu chini. Yeye aliyageuza malezi yenyewe kuwa utunzi: Utenzi wa Hati ni wasia kwa bintiye, nao Utenzi wa Adili ni wasia kwa mwanawe.

Mfano unaonishangaza zaidi ni Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaosimulia vita vya 1939 hadi 1945 kwa beti takriban 3,000. Hebu tufanye hesabu. Mtu atungaye beti tatu kila siku, bila kupumzika hata siku ya Idi, atahitaji siku 1,000. (Nani kati yetu, tunaolalamika kwamba tasnifu zimetunyima nafasi ya kutunga, amewahi kuandika siku 30 mfululizo?) Nadhani bahari yenyewe ilimfaa mtu mwenye shughuli nyingi. Ubeti wa utenzi ni mfupi, mizani nane kwa kila kipande, nao hubebeka kichwani. Huenda ulianza kuumbika mezani pa forodha, ukasubiri jioni uandikwe. Riwaya haibebeki hivyo. Lakini hata riwaya alizikamilisha akiwa kazini. Kusadikika ilichapishwa mwaka wa 1951, Adili na Nduguze mwaka uliofuata.

Alitoka kazini mwaka wa 1960. Tarehe 20 Juni 1962 alifariki. Kama angeahirisha uandishi hadi astaafu, kama wengi tunavyojiahidi, angekuwa na miaka miwili tu ya kuandika yote.

Hata hivyo, muda wa kuandika si muda wa kuchapishwa. Mswada wa Kufikirika ulikuwa tayari mwaka wa 1946. Ulitoka kama kitabu mwaka wa 1967, sawa na Utenzi wa Vita vya Uhuru. Utubora Mkulima ikafuata mwaka wa 1968. Mwandishi hakukiona hata kimoja kati ya vitabu hivyo vitatu.