Kijana wa Katigondo



Nikiwa mwaka wa pili seminari ndogo, nilifunga sanduku langu nirudi nyumbani. Kilatini kilikuwa kimenishinda, na kuna mtu alishaniambia sina kichwa cha upadre. Padre mlezi hakunibembeleza. Alinikalisha tu, akanisimulia habari za Joseph Kiwanuka.

Kiwanuka alizaliwa Uganda mwaka 1899, miaka 20 tu tangu wamisionari Wakatoliki wafike Buganda. Enzi hizo wengi, hata ndani ya Kanisa, hawakuamini kwamba Mwafrika anaweza kuwa padre. Askofu Henri Streicher aliamini. Mwaka 1911 seminari kuu ikahamia Katigondo, karibu na Masaka, na mwaka 1913 mapadre wawili wa kwanza Waganda wakapewa daraja.

Kiwanuka akapita hapo hapo: Kilatini, falsafa, teolojia, miaka na miaka. Akapadrishwa 1929. Akapelekwa Roma, akapata udaktari wa sheria za Kanisa. Jamani, angeweza kuringa! Yeye alirudi Katigondo kufundisha wadogo zake.

Tarehe 29 Oktoba 1939 Papa Pius XII mwenyewe akamweka wakfu kuwa askofu, Mwafrika mweusi wa kwanza katika nyakati zetu hizi. Akakabidhiwa Masaka, na kazi yote ikaachwa mikononi mwa mapadre Waafrika. Hebu fikiria mzigo huo: wangeshindwa wao, mlango ungefungwa kwa wengi nyuma yao. Hawakushindwa. Alipeleka mapadre wake kusoma ng'ambo, akawapa walei sauti katika parokia. Alifariki 1966 akiwa Askofu Mkuu wa Rubaga.

Na kumbe Kardinali wetu Laurean Rugambwa naye alisomea Katigondo!

Usiku ule nilielewa seminari ni ya nini. Si ya kuchuja wenye akili tu. Ni mahali Kanisa linapomwamini kijana kabla hajajiamini, halafu linamfundisha kwa uvumilivu mpaka aweze kuwabeba wengine.

Sanduku nikalifungua. Leo nasoma teolojia, na Kilatini bado kinanitoa jasho.

Wewe je, nani alikuambia huwezi? Wiki hii sali fumbo moja la rozari kwa ajili ya mseminari mmoja unayemfahamu. Pengine naye sanduku lake liko tayari mlangoni.

Watakatifu Mashahidi wa Uganda, mtuombee.