Mzee Hukwe Zawose: Kipaji Ambacho Hakikuzikwa



Leo naomba tumkumbuke mwimbaji wa hapahapa kwetu Ugogoni, Mzee Hukwe Ubi Zawose.

Alizaliwa mwaka 1938 hivi, kijiji cha Doguwe, Dodoma. Utotoni alichunga ng'ombe, na muziki alifundishwa na baba yake. Alipiga zeze, filimbi na ilimba, ile marimba ya vidole ya Wagogo. Kama hujawahi kuiona, ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba juu yake, na kitundu kinachozibwa kwa utando wa buibui ili mlio utoke na mvumo. Sauti yake mwenyewe ilishuka chini kabisa, halafu ikapanda juu mpaka unadhani ameingia mtu mwingine.

Baada ya Uhuru, Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere alimwita Dar es Salaam aje kulipigia taifa muziki. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, akawa mwalimu pale. Akahamia Bagamoyo moja kwa moja, na ndugu zake wakawa kikundi kizima cha muziki, Chibite.

Kutoka hapo akafika mbali. Mwaka 1996 albamu ya Chibite ilitolewa Uingereza na Real World, lebo ya Peter Gabriel. Mwaka 2002 ikatoka Assembly, aliyoifanya na Michael Brook wa Kanada. Mwaka huohuo yeye na Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake, walifungua maonyesho ya Gabriel kule Marekani. Hebu fikiria: ukumbi umejaa watu waliokuja kusikiliza roki, na wa kwanza kupanda jukwaani ni Mgogo na ilimba yake, anaimba Kigogo!

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Sisi wanakwaya vijana tunajijua. Nyimbo za Kigogo tunawaachia akina mama na ngoma zao za muheme, sisi tunataka kinanda tu. Kinanda si dhambi. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ulishaagiza muziki wa asili wa kila watu uheshimiwe na upewe nafasi katika ibada. Kanisa limeshafungua mlango, tunaosita kuingia ni sisi.

Mzee Hukwe alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Kipaji hakikuzikwa naye. Zamani, kwa desturi, mwanamke wa Kigogo hakupewa ilimba wala kuongoza wimbo. Aliitikia, akacheza na kupiga ngoma. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, Maisha, safari hii wao wenyewe wakiwa mbele.

Soma Mathayo 25, mfano wa talanta. Yule mtumishi aliyefukia hakuiba kitu, aliogopa tu. Basi wiki hii mtafute bibi au babu mmoja mtaani kwenu, umwombe akufundishe wimbo mmoja wa Kigogo. Urekodi kwa simu, uandike maneno yake, kisha umpelekee mwalimu wa kwaya. Wazee wetu hawatatusubiri milele.

Ee Bwana, uliyetupa sauti na lugha zetu, utuondolee aibu ya kuzitumia mbele zako. Amina.